Usijifanye hujaona: amri 74 za Ki Tetze, na dada aliyekuwa anaanika shuka juu ya slabu

#1 Pima_Maji

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, sitanuna.

Mimi ni fundi ujenzi, huu mwaka wa 19 nashika mwiko. Si Myahudi, ni Mlutheri wa kuzaliwa, na Kiebrania changu hakizidi maneno kumi na tano. Ila kila Jumamosi nasoma kile kipande cha Torati ambacho Wayahudi wanakisoma sinagogi siku hiyo. Wanakiita parasha. Vitabu vitano vya Musa wamevigawa vipande 54, wanavizunguka kwa mwaka, na siku ile ile wanapomaliza habari za kifo cha Musa wanarudi kwenye uumbaji bila hata kuvuta pumzi. Wiki hii zamu ni ya Ki Tetze: Kumbukumbu la Torati 21:10 mpaka mwisho wa sura ya 25.

Hiki kipande kina sifa yake. Wayahudi kwa jadi wanahesabu amri 613 katika Torati. Kuna kitabu cha karne ya 13 kutoka Hispania, Sefer HaChinuch, mwandishi hakuacha jina, kimezipanga amri zote kwa kufuata parasha. Ki Tetze peke yake imepewa 74: za "fanya" 27, za "usifanye" 47. Hakuna parasha nyingine inayoifikia. Na si amri za madhabahuni. Ni kiota cha ndege, punda aliyelala na mzigo njiani, deni, talaka, ujira wa kibarua, mawe ya mizani, mpaka kijiti cha kuchimbia na kufukia haja yako ukiwa kambini. Ukisoma haraka unaona kama mtu kamwaga boksi la vifaa sakafuni.

Sasa niwaambie nilianzaje.

Nilikuwa nimekwenda kudai salio langu kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe. Chini imekamilika, mwenye nyumba kahamia, juu slabu imeachwa wazi na nondo za nguzo zimesimama zinasubiri hela ya ghorofa. Mnazijua hizo nyumba, mji umejaa. Ukingo hatukuweka. Tajiri alisema "wa nini, si tutapandisha tu?" nami nikajibu sawa bosi.

Juu kulikuwa na dada wa kazi anaanika nguo. Kamba kaifunga nondo hadi nondo, sambamba na mwisho wa slabu. Vibanio viwili kavibana kwa meno, shuka la maji kalishika kwa mikono miwili, analikung'uta huku anarudi kinyumenyume lisiguse vumbi. Mimi niko chini getini na risiti zangu. Nilimwona. Mara ya kwanza nikasema moyoni, yule anajua anapokanyaga. Mara ya pili nikaona kisigino kinatafuta sakafu. Sikupiga kelele, nilikuwa katikati ya kuhesabu noti. Kilichomwokoa ni nondo iliyopinda, ilinasa kanga kiunoni, akakaa chini kwa kishindo, mguu mmoja unaning'inia nje. Kibanio kimoja kilidondoka karibu na kiatu changu.

Hela nilipewa yote. Usingizi sikuupata. Usiku ule nikafungua Biblia, nikakuta 22:8: ukijenga nyumba mpya weka ukingo juu ya dari, usije ukaleta damu nyumbani mwako mtu akianguka. Miaka yote niliyokaa kanisani sijawahi kusikia mahubiri ya mstari huo. Nikapanda juu kidogo, 22:3, habari ya kitu cha mwenzako kilichopotea. Unaishia na neno ambalo Kiebrania chake hakisemi "usijifiche", kinasema "hutaweza kujificha". Rashi, mfafanuzi wa Ufaransa aliyefariki 1105, anasema kujificha huko ni kufumba jicho kana kwamba hukukiona.

Hapo nikanaswa mimi badala ya kanga. Hoja yangu ni hiyo moja tu: sehemu kubwa ya hizi amri inapambana na mtu anayejifanya hajaona. Naendelea kushusha.

#2 Mpiga_Debe

Naweka kambi hapa. Fundi anayesoma Torati! Mimi fundi wangu anasoma mkeka tu.

#3 Pima_Maji

Haha, na wangu wapo hao.

Tuanze na ukingo, maana ndio kazi yangu. Marabi hawakuishia kusema "ni fundisho la upendo". Walishika rula. Musa bin Maimon, tabibu na mwanasheria aliyeishi Misri na kufariki 1204, anaandika: kimo kisipungue viganja kumi, na kiwe imara kiasi kwamba mtu akikiegemea hakimwangushi. Kiganja hapa ni upana wa vidole gumba vinne vikipangwa, kwa hiyo kumi ni kati ya sentimita 80 na mita, kutegemea unafuata kipimo cha nani. Ghala na zizi havihusiki, ni nyumba ya kukaa watu. Halafu anapanua: kisima uani kisicho na kingo au mfuniko ni amri hiyo hiyo.

Talmud nayo, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi, kwenye kitabu chake cha Ketubot ukurasa wa 41, inamtaja Rabi Natan: kutokana na mstari huu, mtu asifuge mbwa mkali nyumbani wala asiweke ngazi mbovu. Ngazi mbovu! Nendeni site yoyote leo mkaangalie ngazi. Mirunda miwili, vipande vya mbao, misumari ya kuokoteza, na kila saidia fundi anajua ni daraja lipi halikanyagwi. Mgeni hajui.

Jambo lililonigusa zaidi: anayeweka ukingo anasoma baraka, kama anavyobariki mkate. Nyumba nilizojenga zimeombewa na wachungaji na masheikh siku ya kuhamia, sebule, jiko, chumba cha baba. Ukingo hakuna aliyeuombea.

#4 Kahawa_Tungu

Fundi usijitese. Ajali haina kinga. Siku ya mtu ikifika imefika, hata ukijenga ukuta wa mita mbili atapalia na mfupa wa samaki. Na yule dada siku yake haikufika ndiyo maana nondo ilimshika. Hizo sheria za kale tusizifanye mzigo.

#5 Pima_Maji

Mkuu Kahawa, hoja yako iko ndani ya mstari wenyewe, na waliijadili kabla yetu. Kiebrania cha 22:8 ukikifuata neno kwa neno kinasema "aangukapo mwangukaji". Kabla hajaanguka ameshaitwa mwangukaji! Talmud, Shabbat 32, wakasema: ndiyo, huyu labda alikuwa wa kuanguka tangu uumbaji. Hawabishi. Ila wanaongeza kuwa jambo jema hupitishwa kwa mikono ya mwema na baya hupitishwa kwa mikono ya mwenye hatia. Kwa kifundi: siku yake inaweza kuwa imefika, lakini kwa nini ifikie kwenye slabu yako?

Na kuna kisa kigumu zaidi, sitakificha. Mstari wa 6 na 7, juu tu ya ukingo, ni amri ya kiota: ukikuta ndege amelalia mayai au makinda, usimchukue mama pamoja na wanawe, mwachie mama aende. Ahadi yake ni maisha marefu, ahadi ile ile ya kuheshimu baba na mama. Kiddushin 39 wanasimulia: baba alimwambia mwanawe apande mnarani alete makinda. Kijana akapanda, akamwachia mama ndege, akachukua makinda. Amri mbili kwa pigo moja, zote za maisha marefu. Akishuka akaanguka akafa.

Wanasema huenda Elisha bin Abuya, mwanazuoni mkubwa, aliona jambo kama hilo ndipo imani ikamtoka. Mmoja anajibu kwamba maisha marefu yanayotajwa ni ya ulimwengu ujao. Mwingine, huyu ndiye wangu, anasema ngazi ilikuwa mbovu, na penye hatari ya wazi usitegemee muujiza. Mazungumzo yote ya mbinguni na duniani, mwisho mtu anauliza habari ya ngazi.

#6 Mama_Wawili

Nimesoma ile ya dada nikasimama nikaenda kumwangalia wangu anaanika wapi. Asante.

Swali. Mwezi jana niliingiziwa 85,000 kimakosa kwenye simu, namba siijui. Baada ya dakika tano mtu akapiga analia. Mume wangu anasema kuokota si kuiba, tena matapeli wengi. Nilikaa nayo siku mbili roho inanisuta. Hiyo 22:3 yako inasemaje?

#7 Pima_Maji

Dada, kuna sura nzima juu ya hilo kwenye Mishna, ule mkusanyo wa sheria za marabi ambao Talmud inaujadili: Bava Metzia sura ya pili, na pesa zinatajwa mwanzoni kabisa. Ukikuta sarafu zimetawanyika njiani ni zako, kwa sababu hazina alama na mwenyewe ameshakata tamaa. Ukizikuta ndani ya mfuko lazima utangaze, kwa sababu mfuko una alama. Sasa muamala wa simu una jina, namba, saa na dakika. Huo ni mfuko ulioshonwa jina la mwenyewe. Hata mlango wa "sikujua ni ya nani" hauna.

Mumeo naye ana hoja nusu. Yerusalemu enzi za Hekalu palikuwa na jiwe la kutangazia vilivyopotea: aliyeokota anasimama anatangaza, aliyepoteza anataja alama anachukua. Matapeli walipozidi wakabadilisha utaratibu, mdai alete mashahidi kwamba yeye si laghai. Kwa hiyo kuhakiki ni halali kabisa. Angalia salio lako kwanza, usiamini meseji, pitishia kwa mtandao wenyewe warudishe. Kisichokubalika ni kuzima simu.

Na mtu akishashika mali ya mwenzake, si kuiweka kabatini tu. Rabi Hanina bin Dosa, maskini wa kutupwa, mtu alipita akasahau kuku mlangoni kwake. Mkewe akawaokota. Hanina akamwambia mayai yao tusile. Mayai yakawa vifaranga, vifaranga wakajaa, nyumba ikawa haikaliki, wakauza wakanunua mbuzi. Siku moja mtu anapita na mwenzake, anasema hapa ndipo nilipoacha kuku wangu. Hanina akauliza, una alama? Anayo. Chukua mbuzi wako.

Mimi hapa ningekuwa nimeshakula supu tangu Jumanne.

#8 Mama_Wawili

Nimecheka kwa sauti ofisini. Hela niliirudisha mkuu, yule alikuwa kweli, ilikuwa ada ya mtoto. Mume wangu bado ananuna.

#9 Ustadhi_wa_Chuo

Uzi mzuri. Sisi tuna hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Naona parasha yako inayo pia?

#10 Pima_Maji

Inayo, ustadhi, na hapa ndipo ninapoona aibu kuandika.

24:14-15: usimdhulumu kibarua maskini, awe ndugu yako au mgeni aliye nchini mwako. Siku yake mpe ujira wake, jua lisitue juu yake, maana ni maskini na roho yake anaining'iniza hapo. Marabi walipofika kwenye maneno ya roho wakauliza: mtu huyu kwa nini alipanda ngazi, akaning'inia mtini, akajitia kwenye mauti? Si kwa ajili ya ujira wake? Bava Metzia 112. Tena wanasema anayezuia ujira wa kibarua ni kama amemtoa roho.

Mkiwa site saa kumi na mbili jioni mtaiona hiyo picha. Saidia fundi wamenawa kwenye pipa, saruji bado iko kwenye nyusi, hawaondoki. Wanajifanya wanaongea mpira. Hakuna anayedai. Wanamtazama fundi, fundi anatazama simu, anasema "wanangu, tajiri hajatuma, kesho asubuhi mapema". Wapo waliokunywa maji tu tangu asubuhi wakisubiri hiyo hela ndipo wapite kwa muuza chipsi. Nimeisema hiyo sentensi mara nyingi. Mara nyingine ilikuwa kweli. Mara nyingine hela ilikuwa mfukoni, nataka tu wasiniibukie watu wachache kesho, maana ukimlipa kibarua leo kesho unaweza usimwone.

Sheria yenyewe ina akili, haimkomoi mwajiri. Unavunja amri kama hela unayo na yeye kadai. Huna? Hujavunja. Ukimwandikia achukue dukani naye akakubali, hujavunja. Wa mchana ana usiku kucha wa kudai, wa usiku ana mchana kutwa. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, vibarua wangu hawakudai, niko salama. Kisheria sawa. Lakini ukishaona mtu ananawa mara ya tatu kwenye pipa lile lile, umeshadaiwa.

Siku hizi nalipa saa kumi na nusu, kabla hawajanawa. Wanaotoroka kesho yake wapo, siongopi. Hasara naila.

#11 Mpiga_Debe

Fundi umenigusa, nimekuwa saidia miaka miwili kabla ya kupiga debe. Hayo mazungumzo ya mpira ni kweli tupu.

Mimi mstari ninaoujua wa humo ni ule wa ng'ombe asifungwe kinywa akipura nafaka. Kanisani kwetu unasomwa kabla ya sadaka ya mtumishi, kila mwezi.

#12 Pima_Maji

😂 25:4 hiyo. Paulo aliutumia hivyo, 1 Wakorintho 9 na 1 Timotheo 5, kwa hiyo mchungaji wako ana pa kusimama. Ila kwenye parasha kwanza ni ng'ombe kweli, mwenye pua, anayesikia harufu ya ngano siku nzima. Na anaendana na 23:25 (kwenye Biblia zetu za Kiswahili ni 23:24), ambao marabi wanausoma kuwa ni wa kibarua: akiwa shambani kwa mtu ale zabibu ashibe, ila asitie chomboni. Mama lishe anayemkataza msichana wake kuonja wali, halafu jioni anampa ukoko, naomba asome hapo.

#13 Kahawa_Tungu

Kuna kitu hamjagusa. Shemeji yangu alikopa kausha damu laki tatu. Amechelewa marejesho mawili, wakaja akina mama wenzake wa kikundi na ofisa, wakaingia mpaka chumbani, wakabeba jiko la gesi na mtungi. Anauza maandazi. Sasa atalipaje bila jiko? Torati inasema nini hapo, au ni ndege tu?

#14 Pima_Maji

Mkuu, ni kama iliandikwa mtaani kwenu.

24:6: usichukue rehani jiwe la kusagia, hata lile la juu peke yake, maana unachukua roho ya mtu kuwa rehani. Kila nyumba enzi hizo ilisaga unga wake kila siku. Chukua jiwe la juu, la chini halina kazi. Mishna inasema si jiwe tu, ni kila chombo ambacho mtu anapikia riziki. Jiko la shemeji yako lipo humo, na mimi ningeongeza cherehani na pikipiki ya bodaboda.

24:10-11: usiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akutolee. Wakaongeza kwamba hata mjumbe wa mahakama haingii. Huu mstari nimeurudia mara nyingi. Mtu anadaiwa kweli, deni ni halali, lakini kizingiti bado ni chake. Watoto wake wasikuone ukifungua kabati.

24:12-13: akiwa maskini usilale na vazi lake, mrudishie jua likitua alale nalo. Mishna ikatafsiri kwa vitendo: mto wa kulalia unarudi usiku, jembe la kulimia linarudi mchana. Unasema hiyo ni rehani gani sasa, ya kwenda na kurudi? Ndivyo nilivyouliza na mimi. Mkopeshaji anabaki na kumbukumbu ya deni tu, mkopaji anabaki na uhai wake. Na mjane, 24:17, nguo yake haiguswi kabisa.

Riba yenyewe imekatazwa 23:20 (23:19 kwenye Biblia zetu), ila kati ya ndugu. Mgeni anaweza kutozwa. Hilo nalisema mapema kabla hamjaniumbua.

#15 Swali_Gumu

Nimesubiri uumbuliwe. Fundi unachagua matunda mazuri unaacha yenye funza. Parasha yako inaanzaje? Mwanajeshi anaona mwanamke mateka, anampenda, anamchukua. Mistari michache mbele, mtoto mkaidi apigwe mawe na wanaume wote wa mji. Sura ya 22 msichana aliyebakwa anaozwa kwa aliyembaka. Hao nao wanapambana na kujifanya hawaoni? Au wewe ndiye unajifanya huoni?

#16 Pima_Maji

Swali la haki.

Mtoto mkaidi nina jibu. Marabi waliisoma ile sheria kwa ukali wa herufi mpaka ikakosa pa kukanyaga. Awe ndani ya miezi michache ya ujana, ale kiasi fulani cha nyama, anywe kiasi fulani cha divai, aviibe kwa baba yake, wazazi wote wawili wakubali kumshitaki. Rabi Yehuda akaongeza: mama na baba wawe sawa kwa sauti, sura na kimo. Wakahitimisha, Sanhedrin 71, haijawahi kutokea na haitatokea. Imeandikwa ili uichambue upate thawabu. Papo hapo Rabi Yonatan anasema: mimi nilimwona mmoja, na nimeketi juu ya kaburi lake. Hawakumfuta. Wameacha sauti zote mbili.

Mateka: mwanamume analazimishwa kumpa mwezi mzima alilie baba na mama yake, nyumbani, kichwa kimenyolewa, kabla hajamgusa kama mke, asipomtaka tena anamwacha huru, hamuuzi. Talmud yenyewe inasema Torati hapa iliongea na tamaa mbaya ya mtu, si kwamba inasifia. Ni breki kwenye mteremko. Lakini mwanamke hakuulizwa, na hilo halina maelezo ya kunifanya nilale. Ya sura ya 22 marabi wakasema msichana au baba yake anaweza kukataa, na akikubali mwanamume hana ruhusa ya kumwacha maisha. Ni nafuu kuliko mstari ulivyo. Bado nikiusoma mbele ya binti yangu nageuza ukurasa. Kwa hiyo ndiyo, mkuu, hapo mimi ndiye ninayejifanya sioni. Umenishika.

#17 Swali_Gumu

Hapo nimekuheshimu. Endelea.

#18 Mfanyabiashara_Mdogo

Samahani nimechelewa. Sisi wa viazi na vitunguu tunataka kujua kuhusu lumbesa. Nimesikia ipo.

#19 Pima_Maji

Ipo mkuu, 25:13-16. Usiwe na mawe mawili mfukoni, kubwa na dogo, wala kipimo kikubwa na kidogo nyumbani. Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia. Tajiri anaingia kijijini na gunia la kushonewa kilemba juu, ananunua kama gunia moja, akifika mjini anapima kwa kilo. Mchuuzi naye ana sado iliyopashwa moto kitako kikaingia ndani, juu amepanga nyanya kwa ufundi, katikati hewa. Mkulima analiwa kichwa, mlaji analiwa mkia.

Angalia neno: haisemi usipunje, inasema usiwe nacho. Bava Batra 89: kipimo pungufu ni haramu kukiweka nyumbani hata kama unakifanya chombo cha kukojolea usiku, maana ipo siku mtu atakiokota apimie. Na Mishna hapo inampangia muuza duka ratiba: apanguse mawe ya mizani mara moja kwa wiki, vipimo mara mbili, na mizani yenyewe kila akipima. Kwa nini? Asali na mafuta huganda ndani, kipimo kinapungua bila mtu kukusudia. Hiyo ndiyo aina ya pili ya kutoona: hukuiba, hukuosha tu.

#20 Mfanyabiashara_Mdogo

Sado yangu ni nzima mkuu, ila sijawahi kuiosha 😅

#21 Mama_Wawili

Hivi hapa kwetu Afrika Mashariki wapo wanaozisoma hizi kweli, sinagogi na kila kitu?

#22 Pima_Maji

Wapo. Nairobi kuna sinagogi tangu enzi za mkoloni. Na Uganda, karibu na Mbale, kuna Abayudaya. Walianza na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza mashariki ya Uganda kisha akakosana nao. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe kwa kuisoma Torati tu, hakuna Myahudi aliyemhubiria. Amin alipowapiga marufuku wengi waliacha, waliobaki walisali kwa kificho. Zaburi wanaziimba kwa Kiganda. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata urabi Marekani mwaka 2008. Wale ni wakulima wa mlimani, kahawa na migomba. Ukiwasomea mstari wa mganda uliosahauliwa hawahitaji mfafanuzi.

Huo mstari, 24:19, niuweke kisha nilale. Ukivuna ukasahau mganda shambani, usirudi kuuchukua, ni wa mgeni, yatima na mjane. Mishna inasema miganda miwili ni ya kusahau, mitatu si ya kusahau. Kinachonifurahisha ni kwamba amri hii huwezi kuipanga. Ukikusudia, hujasahau. Kuna mcha Mungu mmoja katika Tosefta, mkusanyo wa nyongeza za Mishna, alisahau mganda, akamwambia mwanawe atoe dhabihu ng'ombe wawili kwa furaha. Mwana anashangaa, amri zote unazitimiza, hii ina nini? Akasema hizo nyingine tunazifanya kwa kujua, hii tumepewa bila kujua.

Ndiyo amri pekee humo inayokuruhusu kutoona.

#23 Kahawa_Tungu

Fundi bado upo? Nilikubishia juu huko. Nimetoka nje sasa hivi na tochi nikapanda kwenye slabu yangu, ina miaka minne hiyo. Kamba ya nguo iko hatua moja na nusu kutoka mwisho. Nimepima. Watoto huwa wanapanda kurusha tiara. Ukingo wa hivyo viganja kumi ni tofali ngapi?

#24 Pima_Maji

Nipo. Kozi nne za tofali za inchi sita zikilazwa kwa ubavu, na mota yake, zinakupa kama mita. Weka nguzo ndogo kila mita tatu, zile nondo zilizosimama zikusaidie. Urefu wa slabu yako kuzunguka ni ngapi?

#25 Kahawa_Tungu

Mita 44. Hela ya tofali sina mpaka mwisho wa mwezi.

#26 Pima_Maji

Tofali tutaongea mwisho wa mwezi. Umeshashuka? Panda tena, kata hiyo kamba, ifunge katikati. Na ngazi ukishuka ilaze chini.